RNG ya Pokémon Emerald: jinsi gemu inavyopanga stati za Mudkip wako, na jinsi ya kumpata unayemtaka

Kama umewahi kucheza Pokémon Emerald ukaamua kuriseti mpaka upate Mudkip mzuri (mmoja wa wale Pokémon watatu unaochagua kuanza nao) basi hii stori unaijua. Nilisevu mbele ya lile begi la Profesa Birch, nikachagua Mudkip, nikacheki tabia yake, mbovu, nikabonyeza A, B, Start na Select kwa pamoja gemu ikaanza upya, nikarudia, nikarudia tena, jioni nzima imeisha hivyo. Ilipofika kama mara ya arobaini nikaanza kujiuliza, mbona hawa Mudkip nimeshawaona? Yuleyule wa tabia ya Lax, stati zilezile, karudi kwa mara ya nne. Nikadhani emuleta (ile programu ya kuchezea gemu kwenye kompyuta au simu) imekorogeka. Kumbe wala, Emerald ndo ilivyo, na ukishajua kwa nini iko hivyo huna haja tena ya kuomba Mungu kila ukibonyeza A.

Kwahiyo huu ni mwongozo wa kitu kinaitwa RNG, yaani ile mashine ya namba za bahati nasibu ndani ya gemu. Ntakuonyesha inavyofanya kazi, tutamtengeneza Mudkip mmoja kwa mkono kwa kalamu na karatasi kabisa, alafu ndo tuingie kwenye kumvizia unayemtaka. Nimechagua Emerald (ilitoka Japani 2004) kwa sababu ndo rahisi kuliko zote na ukiielewa hiyo nyingine zote ni nyongeza tu. Hesabu ipo, ila ni ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, hakuna zaidi ya hapo.

Kwanza: stati inatoka wapi

Namba unazoziona kwenye skrini, HP, Ataki, Difensi, Spesho Ataki, Spesho Difensi na Spidi, hazitoki sehemu moja. Ni mchanganyiko wa vitu vinne pamoja na levo.

Kuna stati za msingi ambazo kila Mudkip duniani anazo sawa: HP 50, Ataki 70, Difensi 50, Spesho Ataki 50, Spesho Difensi 50, Spidi 40. Hizo hazibadiliki hata ulie. Kuna IV, namba ya kuanzia 0 mpaka 31 kwa kila stati, hii ndo kama damu ya kuzaliwa nayo, akizaliwa nayo anakufa nayo. Kuna tabia, ziko 25, nyingi zinapandisha stati moja kwa asilimia 10 na kushusha nyingine kwa asilimia 10, tano kati ya hizo hazifanyi chochote. Na kuna EV, hizi anazipata kwa kupigana, jumla hazizidi 510, na kila EV 4 ni sawa na pointi 1 akifika levo 100.

EV unazisimamia mwenyewe, hazina bahati ndani yake, kwahiyo leo tunaziacha. IV na tabia ndo zinaamuliwa na RNG pale Pokémon anapotengenezwa, na baada ya hapo imekwisha.

Fomula ni hii. Kwa HP: (msingi × 2 + IV + EV ÷ 4) × levo ÷ 100, tupa desimali, alafu ongeza levo, ongeza 10. Kwa hizo nyingine tano: (msingi × 2 + IV + EV ÷ 4) × levo ÷ 100, tupa desimali, ongeza 5, alafu zidisha kwa 1.1 kama tabia inaipandisha au 0.9 kama inaishusha, tupa desimali tena. Kumbuka hilo la kutupa desimali, litatusumbua baadae.

Pili: hii "bahati" yenyewe ni nini

Hapa ndo watu wengi wanapokosea. Mtu anadhani gemu inarusha dadu kila unapobonyeza A. Haina dadu. Game Boy Advance ni mashine ndogo inayojua kuhesabu tu, na kitu kinachohesabu hakiwezi kubahatisha, kinaweza kujifanya tu kinabahatisha. Kinachofanyika ni kwamba gemu ina namba moja imeihifadhi kichwani, tuiite hali, na kila ikitaka namba mpya inafanya hivi:

hali mpya = hali ya zamani × 1103515245 + 24691, alafu unachukua baki ya kugawanya kwa 4294967296

Basi. Hiyo ndo "bahati" yako yote. (Pembeni kidogo: hiyo 1103515245 ni namba ileile iliyopo kwenye mfano wa kutengeneza namba nasibu katika kiwango rasmi cha lugha ya C, kule wanajumlisha 12345. Na ukizidisha 12345 mara 2 ukaongeza 1 unapata 24691.)

Namba ya kuanzia inaitwa mbegu. Ukijua mbegu unajua kila namba itakayofuata mpaka mwisho wa dunia, kama kitabu kilichoshaandikwa na kurasa zake hazisogei, we unachagua tu unafungua ukurasa gani. Na hapa ndo Emerald ilipotuachia mlango wazi: kila ukiiwasha au ukiiriseti mbegu yake ni 0. Kila siku, kila kaseti, ya kwako na ya jirani. Kwenye Ruby na Sapphire za 2002 saa iliyomo ndani ya kaseti ndo inasaidia kubadilisha mbegu, ila betri ikiisha zinaanzia namba moja ileile pia, 1440. Emerald yenyewe hata betri ikiwa mpya ni 0.

Kwahiyo kwa nini nilikuwa napata Mudkip walewale? Kwa sababu kitabu ni kilekile, na mimi mkono wangu umeshazoea, nabonyeza A kwa mwendo uleule, nafika kwenye begi ndani ya sekunde zilezile, kwahiyo nafungua kurasa zilezile. Kati ya kurasa zaidi ya bilioni 4 mimi nilikuwa nacheza ndani ya kurasa mia mbili tatu.

Na nani anafungua kurasa? Saa ya mashine. GBA inachora skrini mara 59.7275 kwa sekunde, kila mchoro unaitwa fremu, na ukiwa unatembea nje gemu inasogeza hali mara moja kwa kila fremu. Ndani ya pambano inasogeza mara mbili. Watu wanaozurura kwenye ramani nao wanakula namba, kila wakiamua wageuke upande gani wanachomoa moja. Ukurasa mmoja unadumu kama milisekunde 16.7 hivi, na ukiiacha gemu imewashwa mpaka kitabu kizima kiishe utasubiri siku 832. Nimepiga hesabu, sijasubiri.

Tatu: tumtengeneze Mudkip kwa mkono

Usiruke hii sehemu. Najua unataka kwenda kwenye programu moja kwa moja, ila ukiifanya hii mara moja tu kichwa kinafunguka na baadae programu ikikuletea matokeo ya ajabu utajua kosa liko wapi.

Anza na 0. Pitisha kwenye fomula. Kalkuleta ya kawaida ya simu inaweza kukudanganya maana namba zinakuwa ndefu sana, tumia Python, mstari mmoja tu:

s = (s * 1103515245 + 24691) % 4294967296

Utapata hizi kwa mfuatano:

24691
3917380458
1383151765
833674724
2386711175
3805062638

Angalia mwisho wa kila namba. Witiri, shufwa, witiri, shufwa, witiri, shufwa. Hiyo sio ajali, tarakimu za chini za hii fomula zina mzunguko mfupi mno, zinabashirika hata kwa macho. Waliotengeneza gemu walilijua hilo ndo maana hawatumii namba nzima, wanachukua nusu ya juu tu. Gawanya kila moja kwa 65536 utupe desimali:

0
59774
21105
12720
36418
58060

Sasa hizo zinaonekana za kubahatisha kidogo. Gemu ikitaka kutengeneza Pokémon wa kupewa, kama huyu wa kwanza, inachomoa namba nne kwa mfuatano. Mbili za kwanza zinatengeneza PID, yaani kitambulisho cha huyo Pokémon, na mbili zinazofuata zinatengeneza IV. Hii njia wachezaji wanaiita Method 1, jina lake ndo hilo utalikuta kwenye programu zote.

Tuchukue nne zinazoanzia na 59774.

PID: namba ya pili inakaa juu, ya kwanza inakaa chini. 21105 × 65536 + 59774 = 1383197054.

Tabia: gawanya PID kwa 25 uangalie baki. Njia fupi, angalia tarakimu mbili za mwisho tu, 54, toa 50, inabaki 4. Orodha inaanza na 0: Hardy 0, Lonely 1, Brave 2, Adamant 3, Naughty 4. Huyu ni Naughty, Ataki juu Spesho Difensi chini.

Jinsia: baki ya PID ukigawanya kwa 256, hapa ni 126. Mudkip akipata chini ya 31 ni jike, kuanzia 31 kwenda juu ni dume. Ndo maana majike wa kuanzia ni adimu, 31 kati ya 256 tu. Kwa Pokémon ambao majike na madume ni nusu kwa nusu, namba ya mpaka ni 127, kwahiyo hii 126 kwa Pokémon mwingine ingekuwa jike kwa kuponea chupuchupu.

Uwezo: PID ikiwa shufwa anachukua uwezo wa kwanza, witiri wa pili. Mudkip kwenye Emerald ana mmoja tu, haimhusu.

Sasa IV. Namba ya tatu ni 12720. Igawanye kwa 32: unapata 397 baki 16. Hiyo 16 ni IV ya HP. Chukua 397 igawanye tena kwa 32, unapata 12 baki 13. 13 ni ya Ataki. Ile 12 iliyobaki ni ya Difensi. Namba ya nne ni 36418, fanya vilevile: 1138 baki 2, alafu 35 baki 18, alafu 1 baki 3, na hiyo 1 ya mwisho unaitupa haina kazi. Hapa mpangilio umekaa kihuni kidogo, ya kwanza ni Spidi sio Spesho Ataki. Kwahiyo Spidi 2, Spesho Ataki 18, Spesho Difensi 3.

Mudkip wetu basi: Naughty, dume, IV ni 16, 13, 12, 18, 3, 2 kwa mpangilio wa skrini na Spidi ikiwa mwisho. Mbovu. Lakini tumemtengeneza sisi na hakuna bahati yoyote iliyoingia humo.

Ukisogea nyuma fremu moja, uanze na 0 badala ya 59774, unapata Naive mwenye IV 17, 19, 20, 13, 12, 16. Umeona kitu? Spidi, Spesho Ataki na Spesho Difensi za huyu ni 16, 13, 12, na HP, Ataki na Difensi za yule wa kwanza ni 16, 13, 12. Ni 12720 ileile imesomwa na wote wawili, kwa huyu ikiwa namba ya nne na kwa yule ikiwa namba ya tatu. Majirani kwenye kitabu wanagawana namba. Mimi nilipoliona hilo ndo nikaamini kweli, kabla ya hapo nilikuwa naona ni stori za vijiweni.

Nne: kwa nini skrini inakuficha ukweli

Huyu Naughty akiwa levo 5 pale begini, weka kwenye fomula: HP 20, Ataki 13, Difensi 10, Spesho Ataki 10, Spesho Difensi 9, Spidi 9. Angalia Difensi na Spesho Ataki, zote 10, wakati IV moja ni 12 na nyingine ni 18. Ni zile desimali zilizotupwa. Levo 5 IV nyingi zinajificha nyuma ya namba moja, kwahiyo mtu anayekwambia kaangalia tu stati za mwanzo akajua Mudkip wake ni mkali, anakudanganya au anajidanganya.

Tofauti inaonekana mbele. Swampert (ndo Mudkip akishabadilika mpaka mwisho) levo 100 bila EV mwenye IV 13 ya Ataki na Naughty anakuwa na 261, mwenye 31 anakuwa na 281. Spidi ya huyu wetu ni 127, mwenye 31 anayo 156. Pointi 29 za Spidi ndo tofauti ya kupiga kwanza na kupigwa kwanza.

Tano: shaini

Shaini ni Pokémon mwenye rangi tofauti na ya kawaida. Kila mchezaji ana namba mbili za utambulisho, TID inayoonekana kwenye kadi yake na SID iliyofichwa. Gemu inachukua TID, SID, nusu ya juu ya PID na nusu ya chini ya PID, inazilinganisha zote kwa hesabu inaitwa XOR, jibu likiwa chini ya 8 unapata shaini. Majibu yanayowezekana ni 65536, yanayofaa ni 8, kwahiyo nafasi ni 1 kati ya 8192. Tangu X na Y za 2013 wameilegeza mpaka 1 kati ya 4096.

Kwa Mudkip wetu XOR ya 21105 na 59774 ni 47887, kwahiyo yeyote ambaye XOR ya TID na SID yake iko kati ya 47880 na 47887, kwake huyu Naughty mbovu ni shaini. Kwangu ni wa kawaida, kwako anaweza kuwa anang'aa, ukurasa ni uleule. Ndo maana bila kuijua SID yako huwezi kupanga shaini, na kwenye emuleta unaipata kwa skripti ya Lua inayosoma memori. Kwenye kaseti halisi inabidi umpate kwanza shaini mmoja kwa njia ya kawaida alafu programu ikurudishie SID kutoka kwake.

Sita: kumvizia

Unahitaji vitu viwili. PokeFinder, ambayo inakupigia ile hesabu tuliyoifanya kwa mkono, mara maelfu kwa sekunde. Na EonTimer, saa inayolia na kumweka ili ujue ubonyeze lini. Zote ni za bure.

Sevu gemu ukiwa mbele ya begi. Lazima uwe umesevu alafu uriseti, usijaribu moja kwa moja kwenye gemu mpya uliyoianza, maana unapoanza gemu mpya ile mbegu inabadilishwa na kufanywa sawa na TID yako, ni ukiwasha tena ndo inarudi 0.

Fungua PokeFinder upande wa gemu za kizazi cha tatu, chagua Emerald, Method 1, mbegu 0, weka TID na SID kama unazo. Chuja tabia unayoitaka. Kwa Mudkip mimi nachukua Adamant au Brave. IV usiwe na tamaa. IV sita zote 31 ni 1 kati ya 1073741824, na kitabu kina kurasa 4294967296, maana yake kwa wastani wapo kama wanne tu kwenye kitabu kizima. Tena tabia ziko 25, kwahiyo kuna mchanganyiko mwingi tu ambao haupo kabisa kwa Method 1, haujaandikwa kwenye ukurasa wowote. Kama kuna mtu anakuonyesha Mudkip wa Emerald wa Adamant mwenye 31 sita, muombe PID uipitishe kwenye programu kabla hujambadilishia chochote.

Tafuta Ataki 25 na kuendelea, HP na Difensi 20 na kitu, inatosha kumaliza gemu na kuwapiga marafiki. Chagua fremu ya kuanzia 3000 kwenda juu, hiyo ni kama sekunde 50 tangu kuwasha, upate muda wa kupita zile skrini za mwanzo bila papara. Tuseme umepata mzuri fremu 7200. Gawanya kwa 59.7275, ni sekunde 120.5.

Kwenye EonTimer chagua kizazi cha 3, andika fremu 7200, hiyo sehemu ya kukalibreti iache 0 kwanza. Anzisha saa, na ile hesabu fupi ya mwanzo (pre-timer) ikiisha ndo uriseti gemu. Ingia, fika kwenye begi, msogelee Mudkip mpaka linapobaki swali la mwisho la ndio au hapana, simama hapo. Usiguse kitu. Saa ikilia mlio wa mwisho bonyeza A.

Hutapata. Mara ya kwanza hakuna anayepata, na hiyo sio kosa, hiyo ndo taarifa unayoitaka. Andika tabia, jinsia na stati zote sita za Mudkip uliyempata, rudi PokeFinder ondoa vichujio, tafuta kati ya fremu 6900 na 7500 yupi anafanana. Hapa ndo zile desimali zinakusumbua, stati za levo 5 zinaweza kuleta wawili watatu wanaofanana, kama wamebaki wengi mpandishe levo kadhaa uandike stati za kila levo mpaka abaki mmoja. Piganisha kidogo tu lakini, EV nazo zinaanza kuingia.

Tuseme umegundua ulipata fremu 7211. Umechelewa fremu 11, ambazo ni kama milisekunde 184. Mwambie EonTimer umepata 7211, itarekebisha yenyewe. Rudia. Jaribio la pili au la tatu utakuwa umebakiza fremu mbili tatu, na kuanzia hapo usibadilishe tena mipangilio kila ukikosa, hilo ndo kosa la wengi, wanakosa kwa fremu 2 wanarekebisha, wanakosa kwa 3 upande wa pili wanarekebisha, wanazunguka tu. Mkono wa binadamu haupigi milisekunde 16 kila mara. Ikiwa unazunguka pande zote mbili za namba yako basi mipangilio iko sawa, endelea kubonyeza. Mimi huwa nampata kati ya jaribio la 5 na la 20, nikiwa nimelala vizuri.

Kwenye emuleta kama mGBA kuna uwezo wa kusogeza fremu moja moja, hapo hata saa huihitaji, unahesabu tu. Wengine wanaona ni wizi, mimi naona ukishafika kwenye kuhesabu fremu hilo swali umeshalivuka. Hata kama huna mpango wa kutumia njia hiyo fanya hili jaribio: sevu hali ya emuleta kwenye lile swali la mwisho, bonyeza A fremu hiyohiyo mara mbili, utapata mtu yuleyule. Sogeza fremu moja ubonyeze, mtu mwingine kabisa.

Simu nazo zina tatizo lao, skrini ya kugusa ina ucheleweshaji na unabadilika kutegemea simu imepata moto kiasi gani. Zima programu nyingine zote, na zima ile kuongeza kasi kwenye emuleta unapokaribia fremu yako.

Saba: wa porini

Wa majanini wana mambo zaidi. Gemu kwanza inachomoa namba ya kuamua ni Pokémon gani, alafu levo, alafu inachagua tabia, na baada ya hapo inatengeneza PID moja baada ya nyingine ikizitupa mpaka ipate inayolingana na hiyo tabia. Kwahiyo hujui kwa macho imekula namba ngapi. Kwenye PokeFinder utaona Method H-1, H-2 na H-4, ukimpata wa fremu yako lakini IV hazilingani jaribu H-2 na H-4 kabla ya kulaumu mkono wako.

Msaada mmoja mkubwa: Emerald ukitanguliza Pokémon mwenye uwezo wa Synchronize, nusu ya wakati yule wa porini anachukua tabia yake. Ralts anapatikana mapema tu Route 102 na anaweza kuwa nao. Ila mwambie PokeFinder umeutumia, maana na wenyewe unakula namba.

Gemu za baadae kwa kifupi

Diamond na Pearl za 2006 bado zina fomula ileile ila mbegu inatoka kwenye tarehe na saa ya DS pamoja na muda uliopita tangu uwashe, kwahiyo unaanza kwa kupanga saa ya mashine. Black na White za 2010 zimeingiza mpaka anwani ya MAC ya mashine yako, IV zinatoka kwenye jenereta nyingine inaitwa Mersenne Twister. Sword na Shield za 2019 zimehamia xoroshiro128+. Zote zimeshafumuliwa.

Na kitu cha mwisho kabla hujaingia hasara ya usiku mzima. Wale Pokémon wanaozurura ramani nzima, Latios na Latias wa Ruby na Sapphire, Raikou, Entei na Suicune wa FireRed na LeafGreen, wana dosari: gemu inapowahifadhi inabeba kipande tu cha namba ya IV. HP inapona, Ataki haivuki 7, hizo nyingine nne zinakuwa 0. PokeFinder ina sehemu yao peke yao inayokuonyesha hivyo hivyo walivyo, kwahiyo ukichuja Spidi 31 usipate hata mmoja usidhani programu imeharibika.